Msitutangazie Msiba Kabla ya Kifo

Kwa Wakurugenzi wa Vipindi na Wakuu wa Masoko wa vituo vya televisheni na kampuni za ving'amuzi nchini.

Waheshimiwa,

Ninawaandikia kutoka Moshi, nikiwa mwalimu mstaafu wa fasihi ya Kiswahili, mtazamaji wa tamthilia zenu kwa miaka mingi, na mtu ambaye hulipia kifurushi kila mwezi kwa fedha ya pensheni. Jambo ninalowaletea ni vionjo mnavyorusha pale mhusika wa tamthilia anapokaribia kufa: jeneza linaloanza kuonyeshwa siku kadhaa kabla ya kipindi chenyewe, vilio vya akina mama vilivyowekewa muziki, na ile sauti nzito inayotuuliza ni nani atakayezikwa Ijumaa. Naomba muache. Kuua au kutomuua mhusika ni haki ya mwandishi, na sina neno nayo. Ninachopinga ni kukiuza kifo hicho kabla hakijatokea, tena kwa kutumia alama na maneno yale yale tunayotumia sisi kuwatangaza wafu wetu.

Najua desturi hii hamkuianzisha ninyi. Tarehe 21 Machi 1980 nchini Marekani, kituo cha CBS kilifunga msimu wa tamthilia ya Dallas kwa risasi mbili zilizompata tajiri wa mafuta J.R. Ewing, bila kuonyesha aliyefyatua. Mgomo wa waigizaji uliotokea mwaka huo ukachelewesha msimu mpya, na kituo kikautumia muda huo wote kuwauliza watu swali moja, hadi fulana zikachapishwa zikiwa na swali hilo. Jibu lilipotolewa tarehe 21 Novemba, Wamarekani wapatao milioni 83 walikuwa mbele ya televisheni zao. J.R. mwenyewe hakufa. Lakini wenye vituo walikuwa wameshaona kilichowafaa, kwamba mtazamaji akiahidiwa kaburi atakuja, hata kama kaburi lenyewe litakuwa tupu.

Kwao kulikuwa na sababu ya kibiashara iliyo wazi. Kwa miongo mingi kampuni ya Nielsen, inayopima idadi ya watazamaji huko, ilikuwa na miezi minne ya kipimo kikubwa, yaani Februari, Mei, Julai na Novemba, na takwimu za miezi hiyo ndizo vituo vya mikoani vilizotumia kupanga bei ya matangazo. Haishangazi basi kwamba wahusika wengi wa tamthilia za Marekani waliugua, wakapigwa risasi, wakaungua au wakaanguka na ndege katika miezi hiyo hiyo. Mtu akifuatilia kalenda tu, bila kuangalia hadithi, angeweza kujua msimu wa mavuno ya vifo umefika.

Mkurugenzi wa masoko anayesoma hapa anaweza kusema kwamba nimemthibitishia hoja yake, maana milioni 83 si mchezo. Namwomba atazame kilichofuata. Mwaka 1985 Dallas hiyo hiyo ilimuua Bobby, ndugu yake J.R., watazamaji wakamlilia. Mwaka 1986 mwigizaji akakubali kurudi, na mkewe akamkuta bafuni anaoga, mzima wa afya, ikaelezwa kwamba msimu mzima uliopita ulikuwa ndoto. Mtu aliyelia kwa dhati mwaka 1985 alifanywa mjinga. Miaka thelathini baadaye, kifo cha Jon Snow katika Game of Thrones kilipoonyeshwa mwezi Juni 2015, watayarishaji wake walisisitiza kwa miezi kwamba kijana yule amekufa kabisa. Mwezi Mei 2016 akafufuka, na mwigizaji wake Kit Harington akaomba radhi hadharani kwa kuwa alikuwa akiwadanganya watu. Siamini kwamba ni jambo jema kwa taaluma yoyote kufika mahali ambapo mtu analazimika kuomba radhi kwa kutokufa.

Mfano ulio mzito zaidi ni wa The Walking Dead, tamthilia ya kituo cha AMC. Tarehe 3 Aprili 2016 msimu wa sita uliishia mahali ambapo jambazi mwenye rungu anachagua nani wa kumuua kati ya watu waliopigishwa magoti, akachagua, akapiga, nasi hatukuonyeshwa ni nani. Kwa zaidi ya miezi sita kituo kikauza swali hilo. Tarehe 23 Oktoba watu wapatao milioni 17 walifungulia kuona ni kichwa cha nani kilichopondwa, wakaonyeshwa vichwa viwili, kwa ukaribu ambao hata wapenzi wa tamthilia ile waliuona umepita kiasi. Msimu huo huo ulipofikia mwisho mwezi Aprili 2017, watazamaji walikuwa wamebaki takribani milioni 11, na tamthilia haikuwahi tena kurudi ilipokuwa. Sisemi kwamba ukatili wa usiku ule ndio sababu pekee ya watu kuondoka. Nasema tu kwamba aliyekuja kuona maiti, akishaiona, hana sababu ya kubaki, na yule aliyekuwa akifuata hadithi kwa mapenzi ameshaudhika kwa kusubirishwa.

Mwaka 2014 hata The Simpsons, ambayo ni katuni ya kuchekesha, iliingia katika mtego huo. Mtayarishaji wake alikuwa ametangaza mwaka mmoja kabla kwamba kuna mhusika atakufa, dunia ikabashiri, na alipokufa ikawa ni baba yake Krusty yule mchekeshaji, mzee ambaye watazamaji wengi hawakumkumbuka vizuri. Kifo hicho kingeweza kuwagusa watu kama kingekuja chenyewe. Baada ya mwaka mzima wa tarumbeta, kilionekana kama mzaha ulioshindwa.

Sasa linganisheni na kituo kile kile cha CBS miaka mitano kabla ya risasi za Dallas. Tamthilia ya M*A*S*H, iliyohusu madaktari wa jeshi katika vita vya Korea, ilikuwa ya kuchekesha. Tarehe 18 Machi 1975 mkuu wa kambi, Henry Blake, aliruhusiwa kurudi nyumbani, wenzake wakamuaga kwa vicheko na machozi, na kila dalili ilionyesha kwamba huo ndio mwisho wake. Kisha katika dakika ya mwisho karani wa kambi akaingia chumba cha upasuaji na ujumbe mkononi, akausoma: ndege ya Blake imedunguliwa juu ya Bahari ya Japani, na hakuna aliyenusurika. Madaktari wakaendelea kushona majeruhi waliokuwa mbele yao. Ukurasa huo ulifichwa hata kwa waigizaji walio wengi, wakapewa wakati wa kurekodi tu. Hapakuwa na kionjo wala swali la wiki. Wapo watazamaji waliokasirika na kuandika barua, kwa kuwa walikuwa wamepata habari ya kifo namna watu wa wakati wa vita wanavyoipata, yaani bila kutayarishwa. Je, waliihama? Kipindi cha mwisho cha M*A*S*H mwaka 1983 kilitazamwa na watu wapatao milioni 106.

Nasi hapa nyumbani tuna mfano wetu, ambao huenda vijana wa idara zenu za masoko hawaujui kwa kuwa ni wa redio. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, uliokusudiwa kufundisha uzazi wa mpango na kinga dhidi ya UKIMWI. Kulikuwa na dereva wa lori aliyeitwa Mkwaju, mlevi na mpenda wanawake, ambaye nchi nzima ilimcheka, ikamlaani na kumsubiri kwa hamu. Alipopata UKIMWI hapakuwa na aliyeshtuka kwa maana ya kushtukizwa, kwani ugonjwa ule ulikuwa umetembea naye kutoka kituo kimoja cha lori hadi kingine, kipindi baada ya kipindi, huku mkewe Tunu akijifunza kusimama kwa miguu yake mwenyewe. Walimu wa fasihi tuliutumia darasani kuonyesha jinsi tendo la mhusika linavyozaa matokeo. Watu walimjadili Mkwaju kwenye mabasi na sokoni kwa sababu walimfahamu. Haikuhitajika sauti nzito ya kututisha.

Tena, mtazamaji wa Kitanzania anaingia katika maigizo akiwa na imani yake ya zamani, ile tuliyoichukua katika vibanda umiza, kwamba steringi hafi. Imani hiyo ni tamu, na mwandishi hodari huitumia: anaijenga, anaitikisa, na siku moja anaivunja, nasi tunatoka pale tukibishana hadi usiku wa manane. Kionjo chenu kinaivunja mapema, Jumatatu, katikati ya tangazo la sabuni na tangazo la mikopo. Katika tamthilia za kigeni mnazozitia sauti za Kiswahili hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa kifo hicho kilishaonyeshwa kwao zamani, na mtoto yeyote mwenye simu akichokozwa na kionjo anatafuta jina la mhusika, na kabla chai haijapoa nyumba nzima imeshajua amekufa nani, lini na kwa sumu gani.

Hadi hapa nimezungumza kama mwalimu. Naomba sasa nizungumze kama mkazi wa Kilimanjaro, kwa sababu hapa ndipo jambo hili linapouma.

Mwaka jana tulimzika jirani yangu huko Kibosho, nyumbani kwao, kihambani, yaani katika shamba la ukoo, kama ilivyo desturi. Baada ya maziko watu wachache tulibaki kwa ajili ya matanga. Turubai lilikuwa bado limesimama uani, viti vya kukodi vimepangwa, na daftari la rambirambi liko mezani na kalamu yake imefungwa kwa uzi. Nyumba yenye msiba huku kwetu huzima televisheni, na kama ikiwashwa, basi ni saa mbili usiku kwa ajili ya taarifa ya habari, kisha inazimwa tena. Ndivyo ilivyokuwa. Taarifa ilipokatwa kwa matangazo, kikaja kionjo cha tamthilia ambayo sitaitaja, wala kituo chake: jeneza linashushwa kwa kamba, mwanamke anashikwa na wenzake asijitupe kaburini, muziki unakatika ghafla, na maandishi mekundu yanauliza, "Nani atazikwa?" Mjane alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango. Aliinuka akaingia ndani.

Mzee mmoja wa ukoo, ambaye macho yake hayaoni vizuri maandishi, akauliza lile swali ambalo kila Mchaga huuliza asikiapo habari ya kifo.

"Huyo naye ni wa wapi?"

"Ni wa kwenye tamthilia, babu," kijana akamjibu. "Atakufa Ijumaa."

"Sasa mnamtangazaje kabla hajafa? Huko si ni kumchuria mtu?"

Tulicheka, na mzee mwenyewe alicheka alipoeleweshwa. Mjane hakurudi sebuleni usiku ule, na hapakuwa na mtu aliyeona haja ya kumuuliza kwa nini.

Waheshimiwa, sisemi kwamba mlikusudia. Msimamizi wa ratiba aliyekiweka kionjo kile hakuweza kujua kwamba Kibosho kuna nyumba yenye turubai. Lakini kila usiku, katika nchi yenye watu wengi kama hii, kuna maelfu ya nyumba zenye turubai, na taarifa ya habari ndicho kipindi pekee ambacho nyumba hizo huwasha televisheni. Aliyechagua kutazama tamthilia amekubali kwamba anaweza kukutana na kifo. Amekaa tayari, na kama hataki ana rimoti. Aliyefungulia habari ili ajue bei ya kahawa au hali ya mvua hakukubali chochote. Bodi ya Filamu hukagua filamu na kuzipa madaraja ya umri ili mzazi ajue anachomruhusu mtoto kukitazama. Kionjo kinachopita katikati ya kipindi kingine kinamvizia mzazi huyo kabla hajaifikia rimoti.

Lipo jambo la pili, jipya kidogo, ambalo linaniudhi kuliko hata hilo la kwanza. Siku hizi mhusika akikaribia kufa husambazwa picha yake katika makundi ya WhatsApp ikiwa na fremu nyeusi, mshumaa pembeni, neno "Tanzia" juu, na chini yake, kwa herufi ndogo ambazo mtu wa umri wangu hazioni bila miwani, jina la tamthilia na saa ya kipindi. Huku kwetu tanzia ya namna hiyo ni chombo cha kazi. Ikifika kwenye simu, mtu anaanza kupiga hesabu: maziko ni lini, nauli kutoka Dar es Salaam ni kiasi gani, mwili utatoka hospitali ya KCMC au ya Mawenzi saa ngapi, nani wa ukoo hajapata habari. Zamani kazi hiyo ilifanywa na redio, ambapo jina la marehemu lilisomwa pamoja na majina ya ndugu na vijiji vyao, na watu walinyamaza kusikiliza. Kuichukua fomu hiyo na kuijaza jina la mtu asiyekuwapo ni sawa na kupiga kengele ya kanisa ili kuita watu waje kununua maandazi. Kitakachofuata ni watu kuzoea kuipuuza, na siku ikija ya kweli itachelewa kusomwa.

Wamarekani walishafanya hivyo pia, kama mnataka kujua mchezo huu unaishia wapi. Mwezi Novemba 1992 kitabu cha katuni chenye kifo cha Superman kiliuzwa ndani ya mfuko mweusi, humo ndani mkiwa na tangazo la kifo chake na kitambaa cheusi cha kuvaa mkononi kama wafiwa. Nakala zilinunuliwa kwa mamilioni. Mwaka uliofuata, Superman akarudi. Vitambaa sijui kama walirudisha.

Nimewahi kujibiwa, nilipolisema hili mbele ya watu wa fani, kwamba watazamaji wanajua haya ni maigizo na kwamba mimi ninadharau akili zao. Mtu anaweza kujua kwamba ni maigizo na bado moyo wake usijue. Mwezi Januari 2018 tamthilia ya This Is Us ya kituo cha NBC ilionyesha kwamba moto uliosababisha kifo cha baba wa familia, kifo ambacho kituo kilikuwa kimekitangazia na kukichelewesha kwa muda mrefu, ulianzia kwenye chungu cha umeme chenye hitilafu. Sehemu ya kifo chenyewe iliwekwa usiku wa fainali ya kandanda ya Kimarekani, tarehe 4 Februari, ikatazamwa na watu takribani milioni 27. Kabla ya usiku huo kuna watu walishaanza kuviogopa vyungu vyao jikoni, hadi kampuni inayotengeneza vyungu vya aina hiyo ikalazimika kujitokeza kuwatuliza wateja. Hao ni watu wazima waliojua fika kwamba baba yule ni mwigizaji.

Nimejibiwa pia kwamba taarifa ya habari yenyewe imejaa maiti za kweli, basi jeneza moja la kuigiza litamdhuru nani. Ajali ya basi inatangazwa kwa sababu imetokea na watu wana haki ya kujua. Jeneza la kionjo linatangazwa ili sisi tuwepo Ijumaa wakati wa matangazo ya mdhamini. Sioni haja ya kulieleza zaidi ya hapo.

Wala sikubali kwamba bila kifo hamtapata watazamaji. Mwaka 2011 TBC ilirusha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, kuhusu Doudou na mama wakwe zake, na watu wakaipenda kiasi kwamba Rais Xi Jinping alipohutubia Dar es Salaam mwezi Machi 2013 aliitaja. Kilichowashika watu kilikuwa ugomvi wa nyumbani, nani kapika nini na mkwe gani kanuna, mambo ambayo kila mama wa mitaa yetu ya Majengo na Pasua alikuwa na maoni yake juu yake.

Ninachoomba kinaweza kutekelezwa na msimamizi wa ratiba katika kikao kimoja. Vionjo vyenye jeneza, kaburi, maiti au kilio cha msibani visiwekwe ndani ya taarifa ya habari wala katika vipindi vya watoto. Vikibidi kuwapo, vikae ndani ya tamthilia yenyewe na vipindi vya usiku vinavyofanana nayo. Fremu nyeusi, mshumaa na neno "Tanzia" viachiwe wenye marehemu. Na kama mhusika hafi, msituambie kwamba anakufa. Sipendi kulipeleka jambo hili kwenye Kamati ya Maudhui ya TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini, kwa sababu nimeishi muda wa kutosha kujua kwamba kanuni iliyoandikwa kuzuia vionjo inaweza kesho kutumika kuzuia hadithi, na mwandishi aliyetaka kutufanya tulie kwa haki ndiye atakayeumia. Ndiyo maana nawaandikia ninyi kwanza.

Kama kuna kituo ambacho tayari kina mwongozo wa ndani kuhusu vionjo vya namna hii, naomba kiutangaze hewani, ili sisi tunaolipia tujue wa kumuuliza unapokiukwa.

Wenu,

Mwalimu mstaafu na mlipaji wa kifurushi,
Soweto, Moshi.